Waliopunguzwa jeshini wakiwa na ukapteni na umeja, tupeane uzoefu wa uraiani (Arusha na Moshi)

Mama Eli wa Pasua

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Nina mdogo wangu wa tumbo moja, kapteni katika jeshi la Marekani. Alienda kwa grinkadi, akachukua uraia wa huko, akasomea uofisa. Mwaka 2024 jeshi lao la nchi kavu lilitangaza kufuta nafasi kama 24,000. Wakubwa wao walisema nyingi ni nafasi ambazo hazina mtu, lakini yeye usingizi umemwisha. Kila akipiga simu ananiuliza bei ya kiwanja Moshi. Mimi nauza madaftari na sare za shule, habari za vyeo nazijua kwa vijana wa Shule ya Polisi wanaopita dukani tu. Sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Naomba waliopitia, sio waliosikia. Ulikuwa na cheo gani, ulijuaje zamu yako imefika, ulilipwa nini, ukatua wapi. Majina ya vikosi na ya waajiri tuyaache.

Mzawa wa Kibosho

Dada, hapa umenigusa. Vuta kiti.

Niliingia jeshi hilo hilo mwaka 1998, kuruta wa kawaida. Nikapanda hadi sajenti, nikapata uraia, na mwaka 2007 nikatoka kozi ya uofisa na uluteni wangu. Kipindi kile vita vya Iraki na Afghanistani vinataka maofisa wengi na wanawataka jana. Vyeo vilikuja mbiombio, ukapteni ulikuwa kama umeshaandikiwa. Vita vilipoanza kupungua, jeshi likajikuta na makapteni na mameja kuliko kazi za kuwapa. Bunge lao lilishapitisha sheria ya kubana bajeti 2011, na Machi 2013 makato yakaanza kushuka karibu kila idara. Jeshi lililofika askari kama 570,000 likaambiwa lirudi 490,000.

Sasa fikiria wewe ndiye unapunguza. Kwa makuruta unaajiri wachache, basi. Mwenye miaka 20 anaondoka mwenyewe na pensheni yake. Anabaki huyu wa katikati, ana miaka 8, 12, 16, watoto wako shule, na pensheni bado anaiona kwa mbali.

Mwaka 2014 wakaitisha mabaraza ya kuchambua mafaili. Makapteni walioanza uofisa 2006, 2007 na 2008, na mameja wa 1999 hadi 2003. Hakuna kuitwa ukajieleze. Wanasoma tathmini ulizoandikiwa na wakubwa wako mwaka hadi mwaka, wanaangalia picha yako rasmi, wanatafuta barua ya onyo hata ya enzi za uluteni. Wakachomolewa makapteni 1,100 na ushee na mameja zaidi ya 500. Wapo walioambiwa wakiwa Afghanistani, vitani kabisa.

Mimi niliitwa ofisini na mkuu wangu. Alikuwa ameandaliwa maneno ya kusoma, anafuata mstari kwa kidole asiruke neno, na mtu yule mimi namjua, hata hotuba za gwaride hakuwahi kusoma kwenye karatasi. Akamaliza, akaniuliza kama nina swali. Nikamwuliza ile ratiba ya mafunzo ya Alhamisi bado ni yangu? Akasema bado ni yako. Na kweli, nilifanya kazi kama kawaida mpaka Aprili 2015, nawaongoza vijana wanaojua kabisa kwamba naondoka.

Kwa kuwa nilishavuka miaka 15, niliruhusiwa kustaafu mapema. Hapo ndipo penye msumari. Sheria yao inataka ustaafu kwa cheo cha uofisa ukiwa umetumikia uofisa miaka 10, na wakati ule walikuwa wanakubali 8. Mimi nilikuwa na 7 na kitu. Kwa hiyo pensheni yangu ikapigwa kwa cheo cha sajenti. Sikuwa peke yangu, tulikuwa kundi zima la maofisa tuliotokea chini.

Mdogo wako mwulize leo hii: aliwahi kuwa askari wa kawaida? Miaka mingapi ni ya uofisa? Majibu hayo yana uzito kuliko bei ya kiwanja.

Dogo wa Kijenge

Mkuu subiri kwanza. Kapteni mzima unalipwa usajenti??

Mzawa wa Kibosho

Ndiyo hivyo. Ila kuna kifungu: ukifikisha miaka 30, ile ya kazini ukijumlisha na ya kustaafu, unaweza kupandishwa kwenye orodha ya wastaafu hadi cheo cha juu ulichokitumikia vizuri. Yangu inafika 2028. Kanisani wananiita Meja, cheo ambacho sijawahi kukivaa, na nimechoka kusahihisha.

Mke wa Afande, Njiro

Mume wangu ni Mmarekani, tulikutana hapa hapa Arusha. Naye alikuwa kapteni, akaangukiwa na baraza hilo hilo, ila yeye alikuwa na miaka tisa tu. Hakuna pensheni kwa miaka tisa. Wanakupa mkupuo mmoja: asilimia 10 ya mshahara wa msingi wa mwaka mzima, zidisha kwa miaka uliyotumikia. Ukiisikia ni pesa ya maana. Kodi inakatwa kwanza. Halafu ili uipate yote unasaini kubaki jeshi la akiba miaka mitatu, maana yake wanaweza kukuita.

La kumwambia mdogo wako kwa sauti ni hili. Mume wangu ana goti na masikio yaliyoharibika kazini, baadaye akakubaliwa fidia ya ulemavu ya kila mwezi. Tukafurahi. Kumbe ule mkupuo unarudishwa kwanza: wanazuia fidia mpaka pesa yao itimie, ndipo uanze kulipwa. Sisi mkupuo ulishakuwa msingi na kuta Usa River. Nyumba ilikaa bila bati misimu miwili ya mvua, majirani wakaizoea, wakawa wanaanika mahindi mle ndani.

Komandoo wa Chekereni

Mimi nilikuwa jeshi la Uingereza, sio ofisa, nitapita haraka. Kule walishuka kutoka 102,000 hadi 82,000, wakapunguza watu kwa awamu nne, ya mwisho ikatangazwa mwanzoni mwa 2014. Kapteni wangu alibakiza miezi michache afike hatua ya kuanza kulipwa pensheni pale pale. Akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri.

Mama Eli wa Pasua

Komandoo nimesema waliopitia 😂 Ila asante, nimeandika.

Monduli Mstaafu

Mwanangu Mama Eli, mimi nimetumikia JWTZ, nimestaafu na umeja. Kwetu hayo mabaraza ya kupunguza sijayaona. Kwetu umri wa kustaafu unakwenda na cheo. Usipopanda, saa yako inafika wakati wenzako wa kozi moja waliopanda bado wanaendelea. Unaijua tarehe, unaiona inakuja, na bado inakukuta hujajipanga. Vijana wengi niliowafundisha Monduli, chuo chetu cha maofisa, hawakutaka kulizungumza kabisa, wanaona ni mkosi.

Fedha nitaiacha, kila mtu na hesabu zake. Kilichotutikisa nyumbani kwangu ni kutoka kota. Mke wangu alikuwa na mapazia aliyoshona kwa madirisha ya kambini, mazuri, ya kitambaa kizito. Tukapanga Ngaramtoni, hakuna pazia hata moja lililoenea dirisha. Akakaa chini na mkasi, akayakata moja moja, hasemi na mtu. Siku ile ndiyo niliona kwamba na yeye amestaafishwa, na hakuna aliyempa barua.

Kazi nilipata upesi, kampuni ya ulinzi, wakanipa umeneja kwa ajili ya cheo tu. Walinzi wakawa hawalipwi kwa wakati na mimi ndiye natumwa kuwatuliza, "Afande watakusikiliza." Nikaondoka. Sasa nina ng'ombe wa maziwa, na jioni nafundisha vijana wa mtaani gwaride la harusi, msinicheke, wanalipa.

Apwoyo Arusha

Nafanya kazi hapa mjini, kwetu ni Uganda. Baba alikuwa luteni wa NRA, jeshi la Uganda la wakati ule, akapunguzwa miaka ya 1992 hadi 1995, wakati nchi ilipowatoa askari zaidi ya 30,000. Kifurushi chao kilikuwa fedha kiasi, mabati na mbegu. Mabati yale yako juu ya nyumba hadi leo. Ila askari aliyeingia vita vya msituni akiwa shule hakuwahi kushika jembe, mama ndiye aliyelima, baba alikuwa anasimamia mistari inyooke.

Kota za Zamani

Arusha haya mambo tunayajua hata bila gwanda. Babu yangu alikuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, akafuatilia mafao hadi uzeeni. Mimi nilitoka jeshini na ukapteni nikaenda kitengo cha usalama cha Mahakama ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa hapa Arusha. Ile ilifungwa 31 Desemba 2015, lakini tulijua miaka kabla kwamba kazi ina mwisho. Nilijiunga na kozi ya usimamizi wa stoo na usafirishaji jioni, mshahara ukiwa bado unaingia. Siku ya kufunga, wenzangu walikuwa wanaandika wasifu wa kazi, mimi nilikuwa na mkataba.

Kapteni anajua kupanga magari, mafuta, chakula na watu kwa wakati mmoja. Kampuni za utalii hapa zinahitaji mtu wa namna hiyo kila msimu wa Juni. Asiandike "kamanda wa kombania" kwenye wasifu, aandike alikuwa na watu wangapi, magari mangapi, mali ya thamani gani. Meneja wa utalii hajui kombania ni nini na hatauliza.

Mama Eli wa Pasua

Nimempigia, nimemsomea yote. Alianza askari wa kawaida 2009, uofisa 2018. Mzee wa Kibosho, ina maana gani?

Mzawa wa Kibosho

Ina maana ahesabu mpaka mwezi, sio mwaka, na alipate jibu hilo kwa maandishi kutoka ofisi yao ya utumishi. Miaka 10 ya uofisa itatimia 2028. Miaka 20 ya jumla inatimia 2029. Akivuka zote mbili, anatoka na cheo chake. Fursa ya kuondoka kwa hiari ikija kabla, asiikimbilie kwa hasira.

Na kiwanja: uraia pacha hatuna. Alipoapa kule, huku kisheria alishakuwa mgeni. Mimi naingia Kibosho, kitovu changu kilipozikwa, kwa viza. Niliponunua mimi, mgeni hakumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji; kama sheria imeshalegezwa kwa wenye asili ya huku, aulize kwanza. Kihamba changu, shamba la nyumbani, kiko kwa jina la kaka, mtu mwema, ila ana wana wanne na wote wameshakua.

Mama Eli wa Pasua

Basi hicho kiwanja nitaandika jina langu. Ameniuliza sasa hivi kama nina wana wangapi.