Kwa nini Adrien Niyonshuti anaheshimiwa hivi?

Mwalimu_Ngara
Habari za leo, ndugu zangu. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, nimelisikia mara nyingi jina la Adrien Niyonshuti likitajwa kwa heshima kubwa, ilhali kwenye Olimpiki ya London 2012 alimaliza wa 39. Naomba anayeifahamu historia yake anieleze.

Mdau_Rwamagana
Ndugu Mwalimu, nafasi hiyo haipimiki bila kujua alikotoka. Alizaliwa mwaka 1987 huku kwetu mashariki mwa Rwanda, na alikuwa na umri wa miaka 7 tu ndugu zake 6 walipouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Alikulia kwenye timu ya taifa iliyofundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akashinda Tour du Rwanda mwaka 2008, na mwaka uliofuata akasajiliwa na timu ya kulipwa ya MTN ya Afrika Kusini. Hakuna Mnyarwanda aliyekuwa amefika huko kabla yake. Vijana waliozoea kuona baiskeli ikibeba ndizi, viazi na abiria walianza kuiona kuwa ajira ya mwanamichezo, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko medali.

Fundi_Spoku
Niongezee kuhusu mbio zenyewe, kwa sababu namba 39 inawapotosha wengi. Alishindana kwa baiskeli ya milimani huko Hadleigh Farm, Essex, kwenye vilima vya nyasi vilivyopangwa mawe makubwa makusudi katika miteremko, ambako kosa moja la breki humrusha mtu chini. Julien Absalon wa Ufaransa, bingwa wa 2004 na 2008, alipata pancha na hatimaye akajitoa. Kule mbele, Jaroslav Kulhavý alimshinda Nino Schurter kwa sekunde 1. Niyonshuti, aliyekuwa amebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, aliumaliza mzunguko wa mwisho.

Mdau_Rwamagana
Umesema kweli, Fundi. Aliibeba tena bendera hiyo Rio 2016, safari hii akishiriki mbio za barabarani, ambazo zaidi ya nusu ya washiriki hawakuzimaliza, naye akiwa miongoni mwao. Mwalimu, ukifika Rwamagana ulizia kituo cha vijana alichokianzisha kwa jina lake.