Yule mwongozaji wa Ukerewe kamwambia mama yangu asubiri NJE ya nyumba ya Mzee Kitereza ili Wazungu wapige picha!!!

Mkerewe_wa_Nyakato:

Wakuu, sina salamu ndefu leo. Nimeshuka melini sasa hivi hapa bandarini Mwanza, mabegi bado yako miguuni, mama amekaa pembeni yangu hataki hata maji. Naandika na vidole vinatetemeka.

Yule jamaa mnamjua. Wala sihitaji kumtaja. Kila aliyewahi kukanyaga gati ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe, anamjua: kapelo nyekundu, rundo la funguo kiunoni, sauti ya kusikika hadi Ukara upepo ukiwa mzuri. Ukishuka tu ameshakushika mkono, ameshakuuliza unalala wapi, ameshakuuzia kisiwa kizima na mawe yake.

AMEMWAMBIA MAMA YANGU ASUBIRI NJE.

Mama yangu ni Mkerewe wa kuzaliwa, kapita miaka 70, mguu mmoja haumtii. Muda mrefu ananiomba nimpeleke akaone alipoishi mwandishi wetu, Mzee Aniceti Kitereza, macho yangali yanaona. Marehemu baba alikuwa akimsomea kile kitabu chake Kitereza usiku, taa ya chemli katikati, sisi watoto tumejifanya tumelala. Myombekere na mkewe Bugonoka, wa humo kitabuni, kwetu walikuwa kama majirani. Mama akinuna akatishia kurudi kwao, baba alikuwa anamwambia, "Nenda tu, nitakufuata na pombe ya ndizi kama Myombekere." Mama anacheka, vita imekwisha. Huyo ndiye mtu aliyeambiwa asubiri nje, wakuu.

Tumelipa. Naomba hilo lieleweke. Tumelipa mimi na mama, tukaunganishwa na kundi la Wazungu vijana wenye kamera za kuweza kupiga picha mbu wa Musoma. Safari nzima jamaa hakumtazama mama hata mara moja. Kufika mlangoni anasema chumba ni kidogo, anaanza kupunguza watu. Na wa kwanza kupunguzwa ni nani? Anamshika mama bega: "Bibi, wewe kaa pale nje kwanza, kwenye mwembe, wageni wamalize. Wewe si mwenyeji? Utakuja kuona siku nyingine."

SIKU NYINGINE! Mama kavuka ziwa tangu asubuhi, kapandishwa pikipiki na mguu wake ule, anaambiwa siku nyingine!

Nikamwambia jamaa, huyu mama amelipa kama wengine. Unajua alinijibu nini? "Wenyeji hamlipi, mnachangia." Mbele za watu. Akaingia, akarudishia mlango.

Mama akakaa juu ya mzizi. Hakupewa hata kigoda. Mkerewe, kwenye ardhi ya Wakerewe, mlangoni kwa mwandishi wa Kikerewe, amekaa juu ya mzizi anasubiri watu wa mbali wamalize kuangalia.

Na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia vizuri alivyokuwa anawalisha hao wageni. Eti Kitereza alikuwa mvuvi. Eti aliandika kwa Kiingereza, halafu Mzungu mmoja akamtafsiria kwa Kiswahili. Eti Myombekere alikuwa chifu! Damu ilipanda mpaka nikahisi masikio yanachemka. Mzee alisoma seminari ya Rubya kule Muleba, lugha za kigeni alizijua, na bado akakaa chini akaandika kwa KIKEREWE, ili vijana wa Kikerewe wajue wazee wao waliishi vipi. Alimaliza mwaka 1945. Kiswahili alitafsiri MWENYEWE. Hicho Kiingereza kimefanywa na Gabriel Ruhumbika, naye Mkerewe vilevile, kikatoka 2002. Mzungu gani huyo wa kumtafsiria?

Mama akashindwa kuvumilia, akapaza sauti kutoka kule mwembeni: "Mwanangu, sivyo! Aliandika kwa Kikerewe!" Jamaa akatoa kichwa dirishani na kapelo lake: "Bibi, si nimesema usubiri?"

Yaani anamwambia mara ya pili. Mwenye kitabu kichwani yuko nje, mwenye funguo yuko ndani anadanganya.

Walipotoka wamepiga picha mpaka za kufuli, jamaa anatazama saa, anasema muda umekwisha, meli haisubiri mtu. Akafunga. Mama hajaingia. HAJAINGIA. Kamtazama yule kijana, hakusema kitu, na njia nzima ya kurudi hajasema kitu. Wanaomjua mama wanajua ukimya wake ni jambo zito kuliko matusi ya soko zima la Kirumba.

Mtu akimwona huyo jamaa amwambie namtafuta.

---

Dogo_Igoma: Ngoja niweke kiti hapa mbele.

Bwana_Furu: Kapelo nyekundu 😂😂 Huyo huyo aliniambia Jiwe linalocheza la Ukara ni yeye pekee anayejua maneno ya kulichezesha. Pole sana kwa mama, mkuu.

Mtoto_wa_Makoroboi: Swali la kizembe, samahani. Kitereza ndiye nani? Aliimba nyimbo gani?

Mwl_Mstaafu: Hili ndilo linaloniuma kuliko hata huyo wa kapelo. Kijana, Kitereza alizaliwa Ukerewe 1896. Aliandika riwaya ya mume na mke waliokosa mtoto, wakwe wakamchukua binti yao, mume akaenda kumkomboa. Ndani yake utakuta kilimo, uvuvi, ugonjwa, dawa, ndoa, maisha ya Wakerewe yote kabla wageni hawajavuruga mambo. Alikaa na mswada miaka na miaka hakuna wa kuuchapa. Tanzania Publishing House wakauchapa 1980, naye akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Soma, acha kuuliza nyimbo.

Chapa_Ilale: Kwa hiyo mzee alisubiri miaka 35 kitabu kitoke, mama yako kashindwa kusubiri nusu saa chini ya mwembe? 😭😭😭 Sina mbavu.

Mkerewe_wa_Nyakato: @Chapa_Ilale wewe umelelewa na nani? Hakuna cha nusu saa hapo, HAKUINGIA KABISA! Soma uzi kabla hujafungua mdomo. Mama amelipa, ameambiwa anachangia, ametolewa nje, mlango umefungwa!

Chapa_Ilale: Povu hilo lingetosha kufulia magunia ya dagaa mkuu. Punguza. Mbona na wewe uliyekuwa na miguu mizima hukumpita huyo jamaa ukaingia na mama?

Dada_wa_Capri_Point: Acheni kumtania, kumtoa mama mzee nje ni laana. Ila mimi nina langu. Mji Mkongwe, Zanzibar. Nilimpeleka mume wangu aone nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, si alizaliwa Zanzibar 1946, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara. Mwongozaji wetu akatuonyesha mlango, tukapiga picha, tukalipa. Kesho yake mwongozaji mwingine anatuonyesha mlango MWINGINE, eti hapa ndipo hasa alipoishi. Nikauliza, na ule wa jana? Akasema ule wa jana ni wa watalii. Mimi ni nani sasa kama si mtalii?

Bwana_Furu: "Ule wa jana ni wa watalii" 😂😂😂 nimekufa.

Mpiga_Kasia: Wa kwangu alinitembeza hapa hapa Mwanza. Kanisimamisha mbele ya Jiwe la Bismarck, kaniambia Bismarck mwenyewe alikaa juu ya lile jiwe akivua. Bismarck, kansela wa Ujerumani! Nikamwuliza alipandaje, akasema Wajerumani walikuwa na ngazi.

Mwl_Mstaafu: Anayetaka kuona kazi iliyofanywa kwa heshima aende makumbusho ya Bujora, Kisesa. Padri David Clement alikuwa mgeni kutoka Kanada, lakini alijifunza Kisukuma, akaweka ngoma za watemi na vyombo vya wazee mahali pamoja, na Wasukuma wenyewe wanaelezea. Au nenda Butiama kwa Mwalimu Nyerere.

Dogo_Igoma: Butiama ni kwa mwanasiasa mzee wangu, mada ni wasanii.

Mwl_Mstaafu: Aliyeitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili, akaja na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa Ikulu bado, utamwita nani? Fundi baiskeli?

Dogo_Igoma: Kutafsiri sio usanii.

Mwl_Mstaafu: Tafsiri ukurasa mmoja tu, uuweke hapa tukuone.

Mkerewe_wa_Nyakato: Jamani Butiama imeingiaje hapa? Kitereza mwenyewe alitafsiri kitabu chake, na mtu anasimama ndani ya nyumba yake anasema alitafsiriwa na Mzungu, huku mama yangu YUKO NJE. Hilo ndilo naomba mliseme. Mama yuko nje, juu ya mzizi!

Shemeji_Nansio: Mimi nakaa huku huku kisiwani. Nimemwona mama yako leo, alivaa kitenge cha bluu? Pole sana. Huyo kijana tumemsema sana. Ukija tena mlete mama kwetu, kuna wazee hapa waliomjua Kitereza, watamsimulia kwa Kikerewe mpaka usiku. Ila mkuu ungeshuka gatini ukaulizia wenyeji, si kumfuata mwenye kapelo.

Chapa_Ilale: Shemeji wa Nansio karibu. Sato anauzwaje huko siku hizi? Huku Mwanza wametupandishia mpaka tunakula dagaa kwa adabu.

Shemeji_Nansio: Bei nzuri ukiamka mapema ukawasubiri wavuvi wenyewe. Na huyu ni sato wa ziwani kweli, sio hao wenu wa kufugwa kwenye vizimba.

Dada_wa_Capri_Point: Wa vizimba ana ubaya gani? Ana minofu, mchuzi haukuaibishi mbele ya wageni.

Mpiga_Kasia: Minofu bila ladha. Sato wa vizimba kala pumba maisha yake yote, hajawahi kukimbizwa na sangara hata siku moja. Samaki lazima awe amehangaika.

Bwana_Furu: Sangara ndio waliotumalizia furu, visamaki vyetu vya ziwani, tusiwasahau. Mimi jina langu ni kilio.

Dada_wa_Capri_Point: Mimi hoteli moja ya ufukweni hapa mjini waliniletea sato wa jana, baridi, limao limekauka, bei ya mbuzi mzima. Nikamwita mhudumu, anasema mpishi ametoka. Nafungua uzi wake kesho.

Dogo_Igoma: Fungua leo, tuko macho.

Mkerewe_wa_Nyakato: Nimefika nyumbani. Mama amelala. Wenye namba ya anayewapa hawa waongozaji vibali, nitumieni faraghani, nakwenda kesho asubuhi.

Mpiga_Kasia: @Shemeji_Nansio, nikituma boksi la barafu na meli ya kesho, unaweza kunijazia sato kumi wa ziwani? Wakubwa, sio wale wa kiganja.

Shemeji_Nansio: Tuma. Ila weka barafu ya kutosha, meli siku hizi inachelewa.