Mashine ya kukunia nazi kwa mkopo, au tuendelee na mbuzi?

Mkamuaji, Pangani:
Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Mimi na wifi yangu tunakamua mafuta ya nazi kijijini. Kila wiki nazi 60, tunazozinunua kwa shilingi 600 kila moja, hutupatia lita 5, nasi huuza lita kwa 11,000. Kuni hutugharimu 4,000, chupa 2,500, na nauli ya Tanga mjini, kwenda na kurudi pamoja na mzigo, 6,000. Kwa kuwa mbuzi ametuchosha mikono, fundi ametutajia mashine ya 1,300,000, nasi tunafikiria kuingia katika kikundi ili tuombe mkopo wa halmashauri. Je, tufanye hivyo?

Mwenye duka, Muheza:
Dada, nimeirudia hesabu yako mara mbili. Ukitoa 48,500 katika 55,000 inabaki 6,500, na humo hamjajilipa hata senti. Kwa faida hiyo bei ya mashine itarudi baada ya wiki 200, yaani karibu miaka 4, na bado sijaweka umeme wala matengenezo. Ni kweli kwamba mikopo ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba, lakini tarehe ya marejesho haiulizi kama wiki hiyo mliuza. Linalonishangaza zaidi ni hizo kuni. Mtu anayevunja nazi 60 kwa wiki vifuu anavipeleka wapi?

Bibi Kifumbu, Bagamoyo:
Wanangu, vifuu vikikauka huwaka kwa moto mkali, kwa hiyo mwishoni uvipunguze, mafuta yasije yakaungua. Chicha wape kuku ingali mbichi. Makumbi, kama mnanunua nazi zisizofuliwa, yanatoa usumba wa kusokotea kamba, ingawa kazi ya kuyaloweka ni ndefu na siwashauri muianze sasa. Nauli ndiyo ya kuangalia. Wengi huenda sokoni kila wiki kwa kuogopa mafuta kuharibika, na yanaharibika kwa sababu waliyaepua mapema, maji yakiwa bado yamo. Subirini mpaka sauti ya kuchemka itulie na mashapo yawe ya kahawia, mchuje kwa kitambaa kikavu, mtie katika chupa kavu, kisha myaweke mbali na jua. Hapo mtaweza kwenda mjini mara moja kwa wiki mbili.

Kijana wa Mwera:
Shikamoo bibi. Nakubaliana nawe, ila mikono nayo ni gharama, hata kama haiandikwi daftarini. Kama sokoni kuna mwenye mashine anayekuna kwa malipo, mpelekeeni nazi kwa mwezi mmoja, mkamue lita 10 kwa wiki, mwone kama zote zinanunuliwa. Zikibaki, mashine yenu wenyewe itawapa mapumziko na deni tu.

Mkamuaji, Pangani:
Nawashukuru nyote, tutaanza na jaribio hilo la mwezi mmoja. Kuhusu vifuu naona haya kusema: tulikuwa tukimpa bure jirani anayepika vitumbua, naye ndiye anayetuuzia kuni.