Ushauri: Natoa familia kuendesha baiskeli njia za msituni, dogo ana miaka 6

BabaWatatu
Wakuu habari za saa hizi. Wikiendi inayokuja tunataka kwenda familia nzima na baiskeli kwenye hifadhi yenye miti mingi, namaanisha yale mapito membamba ya mizizi na vimawe siyo barabara ya vumbi. Tuko watano, mi na mke wangu, kijana wa miaka 14, binti wa 10 na dogo wa 6. Kijana anaendesha vizuri na anataka njia ngumu, binti anaogopa kushuka, akiona tu njia imeinama anateremka anaikokota, na dogo ana kibaiskeli cha inchi 16 cha gia moja, breki yake ya nyuma ni ile ya kurudisha pedeli. Mama yao hajapanda baiskeli miaka mingi ila kashasema haachwi.

Sasa dogo nimpakie kwenye kiti cha nyuma au aendeshe mwenyewe? Njia nichague kwa kumwangalia nani? Na baiskeli zenyewe niangalie nini, maana za watoto zimelala stoo muda mrefu. Nataka sana watoto wakirudi waulize tunaenda tena lini. Karibuni.

Mtambaa_Milima
Mkuu hongera, familia nyingi zinaishia kusema tu. Njia chagua kwa huyo wa 6, basi. Hifadhi nyingi zenye njia za baiskeli huwa zinaweka alama za rangi, kijani ndo nyepesi, bluu ya kati, nyeusi ngumu, na kuna sehemu wanaongeza nyekundu kabla ya nyeusi. Nyie anzeni na kijani hata kama kijana atanuna. Tena tafuta mzunguko mfupi unaorudi pale mlipoanzia, kilomita nne au tano inatosha kabisa, afu wadogo wakipumzika na mama yao wewe unamchukua kijana mnaenda kupiga ile bluu wawili. Ukimlazimisha atambae nyuma ya kibaiskeli cha inchi 16 siku nzima mwakani haji huyo, na ukiwalazimisha wadogo wamfuate yeye ndo unapata vilio. Mgawanye muda, siyo njia.

mama.pacha
Kiti cha nyuma hapana kaka. Kwanza vingi mwisho wake ni kilo 22, mtoto wa miaka 6 yuko hapohapo au kashapita. Pili uzito unakaa juu na nyuma, ukipita kwenye mizizi baiskeli inayumba na kichwa cha mtoto kinatikisika kila jiwe, na wewe ukianguka mnaanguka wote. Kiti ni cha njia laini. Mwache aendeshe, na mkifika pagumu akokote, hamna aibu.

Ila hiyo breki ya pedeli ifikirie sana. Kwenye mteremko mtu anatakiwa asimame pedeli zikiwa usawa, moja mbele moja nyuma, sasa yeye hizo pedeli hawezi kuzirudisha nyuma ili azipange, akirudisha tu breki imeshashika na tairi la nyuma linaburuza. Kama ina breki ya mkono ya mbele mfundishe kwanza hapo nyumbani kwenye majani, aminye polepole, asikamate kwa ghafla. Kama haina, basi miteremko yote ya kweli anashuka kwa miguu.

fundi_mnyororo
Mi ntaongelea vyuma maana ndo kazi yangu. Baiskeli iliyolala stoo usiiamini mpaka uiguse. Inua mbele zungusha tairi, linaenda sawa au linagusa breki? Shika tairi litikise kushoto kulia, kama linacheza beringi au nati imelegea. Bana tairi la mbele katikati ya magoti geuza usukani, ukigeuka wenyewe kaza. Cheni ifute kwa kitambaa ndo utie oili kidogo, ukitia juu ya uchafu umetengeneza tope la kula meno ya gia.

Cha muhimu kuliko vyote kwa binti wa miaka 10 ni mkono wa breki. Mwambie ashike usukani kama anaendesha, uangalie vidole. Ukiona anafika kwa ncha tu, au analazimika kuachia usukani kidogo ili aifikie, huyo hawezi kushuka mlima kwa amani na kila mtu atamwambia ni muoga. Kwenye mikono mingi ya breki kuna kaskrubu kadogo karibu na pale unapoungana na usukani, ukikageuza kuingia ndani mkono unasogea karibu na vidole. Kageuze mpaka pingili ya kwanza ya kidole chake ikae vizuri juu yake, afu jaribu kama breki bado inashika kabla mkono haujagonga usukani. Watoto wengi uoga unaishia hapo.

Upepo: msiende na matairi magumu kama ya barabarani, yatadunda kwenye mizizi na kuteleza. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kiwango, kaeni upande wa chini. Mtu mzima mwenye tairi pana lenye meno anaweza kucheza kwenye PSI (kipimo cha upepo kwenye pampu) 25 hadi 30, watoto ni wepesi wanaweza pungua zaidi. Ila ukizidisha kupunguza tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe, ukiifungua unakuta matobo mawili yanatazamana. Beba tyubu ya kila saizi ya tairi mliyonayo, viraka, pampu na vile vijiti vya kutolea tairi.

Spoku32
Fundi kasema kweli. Naongezea kwa binti, mshushie kiti kidogo kuliko cha kawaida miguu iguse chini vizuri, tafuta kamteremko kafupi kenye mwisho ulionyooka, aanzie chini kabisa, akishuka salama apandishe hatua chache aanze tena. Viwiko vimekunjwa, makalio nje ya kiti yameenda nyuma kidogo, macho yaangalie mbele anakoenda na siyo tairi. Akiliangalia jiwe atalifuata hilohilo jiwe. Mizizi aikate akiwa amenyooka, breki amalizane nazo kabla hajafika, akifinya breki juu ya mzizi wenye unyevu tairi linaondoka. Na msimpigie kelele za usiogope, anajua anaogopa.

BabaWatatu
Asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Mawili tena. Huku mvua imenyesha, tusubiri? Na nimeona watu wanamvuta mtoto kwa kamba ya mpira kwenye milima, vipi hiyo?

Mtambaa_Milima
Kamba ni nzuri, inamwokoa mtoto kwenye mlima mrefu. Inafungwa chini ya kiti chako na kwenye shina la usukani wake.

mama.pacha
Nzuri kwa kupanda TU na njia iwe pana. Mkifika kilele fungua, usishuke naye hata mita kumi. Na kwa mapito membamba ya miti siiafiki kabisa, ukikata kona kamba inamvuta mtoto kwenye mti. Bora mshuke mtembee.

Spoku32
Mvua: kanyagieni udongo kwanza. Tairi likiacha mfereji au tope likiganda kwenye foku (ule uma unaoshika tairi la mbele), ahirisheni. Ule mfereji ukikauka unabaki, maji yanafuata humohumo na njia inakufa, na ni watoto haohao watakaokuja kuangukia humo. Hifadhi nyingine zinafunga njia kabisa baada ya mvua, ulizeni kabla.

Mkiwa njiani mtu mzima mmoja mbele mmoja mwisho kabisa, na kila njia panda mnasimama mpaka wote wafike. Waenda kwa miguu na farasi wapisheni, anayeshuka ampishe anayepanda.

BabaWatatu
Fundi ile skrubu nimeiona, binti alikuwa anafikia kwa ncha kweli. Nimesogeza, sasa anafinya kwa kidole kimoja na tairi linasimama, kapanda kijiinuko cha nyuma ya nyumba kashuka bila kuteremka kwenye baiskeli. Safari tunasogeza mbele wiki moja pakauke, tunaanza kijani, kijana nimemuahidi bluu.

fundi_mnyororo
Safi sana mkuu. Kabla hamjatoka wavishe helmeti wote na mama yao. Ikae usawa, kati yake na nyusi viingie vidole viwili, mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja au viwili. Ambayo imeshapigika chini kwa nguvu au ina ufa msiende nayo, nunua nyingine.