Wakuu, mtu akikwambia "ni kitufe tu", unamjibuje?

Nukta_Mkato (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu nyote, hasa mlioamshwa usiku na seva.

Mimi ni mtengeneza programu, na naomba ushauri kwa jambo linalonizeesha kabla ya wakati. Si hitilafu. Hizo tumeshazoeana, na nyingine nimeziacha zikae kwa amani kwa sababu nikiiondoa moja zinakuja tatu kuhani msiba. Kinachonimaliza ni sentensi moja: "Ni kitufe tu, kwani kitachukua muda gani?"

Tafrani ya sasa ni hii. Bosi wangu, mtu muungwana kabisa, anataka kwenye ukurasa wa ripoti kuwe na kitufe cha kupakua data kwenda Excel. Tukaitana kikao. Kikao chote kikaishia kwenye rangi: kiwe kijani au bluu, kikae kulia au kushoto, kiandikwe "Pakua" au "Shusha". Wale ambao siku zote huzima kamera na kujifanya intaneti imekatika wakaibuka wakiwa na maoni mazito. Nilipouliza nani ataruhusiwa kukibonyeza, kimya. Nilipouliza data zikifika laki kadhaa seva izitayarishe vipi bila kuwagandisha watumiaji wengine, nikaambiwa hayo ni ya kiufundi, tusipoteze muda. Kisha watu wakiwa wameshaanza kuaga: "Basi Ijumaa, sivyo?"

Nikisema kati ya siku nne na wiki mbili, anasikia siku nne. Nikisema wiki mbili, ananitazama kama mtu aliyeshikwa na mfuko wa mwenzake. Nikisema sijui, naambiwa sijiamini. Kuna mwenzetu mmoja ofisini, yeye kila kitu ni "hakuna shida". Anasifiwa sana. Na zile kazi zake za "hakuna shida" zisizoisha, nazirithi mimi.

Nyumbani nako sina heshima, maana shangazi anaamini kwamba aliyesomea kompyuta akashindwa kutengeneza printa, basi hakusoma.

Mnajibuje hilo swali bila kudanganya na bila kugombana? Nawasilisha.

SitiYaMbele

Ngoja wajuzi waje. Mimi nimeshawahi nafasi.

PopoWaSeva

Pole mkuu. Tom Cargill, mtengeneza programu wa maabara za Bell Labs, alilimaliza hili kitambo: asilimia 90 ya kwanza ya msimbo inakula asilimia 90 ya muda, na asilimia 10 iliyobaki inakula asilimia 90 nyingine ya muda. Ukijumlisha unapata 180, na yeyote aliyewahi kukamilisha programu anajua hesabu hiyo haina kosa.

Mimi nachukua namba inayonijia kichwani, nazidisha kwa mbili, natamka bila kupepesa macho. Kesi imekwisha.

BaroBaro

@PopoWaSeva hiyo dawa inachuja. Mimi nilikuwa nazidisha kwa mbili, bosi akashtuka, akaanza kugawa kwa mbili. Nikapanda hadi nne, naye akapanda. Sasa hivi kila mmoja anajua mwenzake anatia chumvi, tunaishi vizuri ajabu, ila hakuna anayejua kazi inaisha lini.

Halafu kuna sheria ya mwandishi Douglas Hofstadter, aliandika mwaka 1979 kwamba kazi huchukua muda mrefu kuliko ulivyotarajia, hata kama ulishaizingatia sheria hii hii. Sasa hapo unazidisha kwa ngapi?

MgeniMwenyeji

Samahani, mimi si wa fani hii, napita tu. Siku hizi si akili mnemba inaandika kila kitu? Iambie ikutengenezee hicho kitufe, wewe upumzike.

Nukta_Mkato

@MgeniMwenyeji ndugu yangu, nilishaiomba. Kitufe nilikipata kabla sijaegemea kiti. Kina kivuli, kina pembe za mviringo, ukikisogelea kinang'aa. Nikaiuliza ni nani hasa anaruhusiwa kupakua mishahara ya wafanyakazi wenzake, ikaniambia hilo ni swali zuri sana.

MamaKanzidata

Mdogo wangu Nukta, wenzako wanakufundisha kuficha namba. Usifiche. Tatizo ni kwamba bosi anaona kitufe, wewe unaona kilicho nyuma ya kitufe, na hujamwonyesha kwa lugha yake. Maneno kama "inategemea" hayamwambii kitu. Mpe visa vilivyowakuta watu.

Kwa bahati yako amekuomba Excel, na Excel ina visa vya kutosha kulaza kikao.

Faili la zamani la .xls linabeba mistari 65,536, basi. La .xlsx linabeba 1,048,576. Oktoba 2020 huko Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku, na chanzo chake kilikuwa faili la muundo wa zamani lililojaa, data zilizozidi zikakosa pa kukaa. Hakukuwa na kengele. Kwa hiyo swali lako la "laki kadhaa" si la kiufundi hata kidogo. Ni swali la kama ripoti ya bosi itakuwa nzima au nusu, na kama atajua kuwa ni nusu.

Haya, namba za simu. Zinazoanza na sifuri, Excel inaziona ni namba za hesabu na sifuri inaitupa. Akaunti au kadi yenye tarakimu 16? Excel inatunza tarakimu 15 tu, ya mwisho inageuka sifuri, na mtu anaweza kuhifadhi faili hilo bila kushtukia. Tarehe ndiyo balaa lenyewe. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni ziitwazo MARCH1 na SEPT1, Excel ikawa inazigeuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni ikatangaza kuwa imebadilisha majina hayo. Yaani ilikuwa rahisi kubadilisha majina ya jeni za binadamu kuliko kuishawishi Excel. Na hiyo hiyo Excel inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo, kwa sababu ilirithi kosa la Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, makusudi ili mafaili ya huko yafunguke bila taabu.

La mwisho watu wengi hulisahau. Mtumiaji akijaza jina lake kwenye fomu akaanza na alama ya =, Excel inaweza kulichukua kama fomula na kuitekeleza kwenye kompyuta ya atakayefungua faili. Atakayefungua ni nani? Mara nyingi ni bosi mwenyewe. Hapo utamwona anakaa sawa.

Mwandikie mambo matatu au manne ya aina hiyo, kila moja na swali lake. Usimpe hotuba.

SitiYaMbele

Mama umeshusha nondo. Nimeenda kuangalia faili la wateja wangu, sifuri zote hazipo. Nitarudi.

KaziIendelee

Mbona mnazunguka? Aombe aongezewe watu wawili, kitufe kiishe Jumatano.

BaroBaro

@KaziIendelee hapana mkuu, hapo ndipo kitufe kinaisha mwakani. Fred Brooks aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba mradi uliochelewa ukiuongezea watu unachelewa zaidi. Wageni wanahitaji kufundishwa, na wa kuwafundisha ni yule yule aliyeelemewa. Tena hesabu ya mawasiliano haina huruma: watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili, watu 10 wana njia 45. Wakiwa 10 hao tayari wanahitaji kikao cha kupanga vikao.

MenejaMpole

Naomba nami nisikilizwe, maana naona uzi umetuweka kizimbani.

Mimi nilikuwa natengeneza programu, sasa nasimamia wanaotengeneza. Nikiuliza "itachukua muda gani", mara nyingi sitafuti tarehe. Natafuta kujua kama niseme ndiyo au hapana kwa mtu mwingine aliyenisimamia mlangoni. Kama kazi ni ya siku mbili, nitaikubali. Kama ni ya mwezi, huenda hata siitaki. Mtengenezaji akinijibu "inategemea" halafu akanyamaza, nabaki na mlango wazi na mgeni ananitazama, basi naokota namba yoyote iliyo karibu. Hapo ndipo Ijumaa zinapozaliwa.

Kwa hiyo @Nukta_Mkato, ukinipa "siku nne hadi wiki mbili", maliza sentensi. Niambie ni nini kinachofanya ziwe siku nne na ni nini kinachozigeuza kuwa wiki mbili. "Siku nne kama ni mhasibu peke yake na data za mwezi mmoja. Wiki mbili kama ni kila mtu na data za miaka yote." Hapo umenipa kitu cha kuchagua. Wengi wetu tukipewa machaguo tunachagua la bei nafuu.

Na kuhusu yule wa "hakuna shida", meneja anayesifia maneno ataendelea kuletewa maneno. Wewe usimsemee mwenzako vibaya. Kazi yake ikikufikia, iandikie tiketi mpya (kumbukumbu ya kazi kwenye mfumo) yenye makadirio yake na jina lako, ionekane. Ukiimaliza kimyakimya usiku, kwenye rekodi kazi hiyo bado ni yake.

PopoWaSeva

Meneja anayeongea hivi yupo kweli au tumetumiwa na akili mnemba?

MenejaMpole

Nipo, na nina kikao saa hizi. Rangi ya kitufe, kwa kweli.

MkatoWima

Kuhusu hiyo rangi, Nukta usijilaumu. Mwaka 1957 mwandishi Parkinson alieleza kamati inayopitisha kinu cha nyuklia kwa dakika chache kwa sababu hakuna anayekielewa, kisha inakesha ikijadili banda la baiskeli kwa sababu kila mtu ameshaona banda. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp akaukumbusha mfano huo kwa wenzake wanaotengeneza mfumo endeshi wa FreeBSD, tangu hapo watengeneza programu wanaujua kwa jina la banda.

Dawa yangu ni ya kihuni kidogo. Ajenda naandika mimi, kabla mtu mwingine hajaandika. Maswali ya nani, ngapi na lini yanatangulia. Rangi naiweka mwisho kabisa, na dakika za kikao zikikaribia kwisha natangaza kuwa rangi itaamuliwa kwa ujumbe. Wenye maoni yao wanayaandika huko hadi usiku wa manane, mimi nimeshaanza kazi.

BaroBaro

Kihuni kweli, ila nakiiba.

MamaKanzidata

Ongezea hapo: usisubiri ukamilishe kila kitu ndipo uonyeshe. Ijumaa mpe kitu. Faili moja la mwezi mmoja, kwa mhasibu tu, bila urembo, safu za simu na akaunti zikiwa zimeandikwa kama maandishi. Mwambie wazi kuwa hicho ni kipande cha kwanza, na kwenye skrini iandikwe hivyo hivyo, maana wapo wanaoona kitu kinafunguka wakadhani kimekamilika. Mhasibu akilitumia atakwambia anachokosa, na mara nyingi nusu ya yale uliyokuwa unayahofia hatayaomba kabisa.

Na hayo makadirio yako yaandike pamoja na dhana zake. "Wiki moja, tukikubaliana kuwa ni mwezi mmoja na ni mhasibu tu." Mtu akija baadaye akitaka miaka yote, hujachelewa wewe. Kazi imebadilika.

MgeniMwenyeji

Kumbe kitufe kina mambo hivi. Mimi nilidhani mnalipwa kwa kuandika haraka.

Nukta_Mkato

Wakuu, nashukuru sana, hasa Mama na Meneja. Nimeandika maswali manne kwa namna mliyoelekeza, kila moja na kisa chake, nikamtumia bosi. Matatu kayajibu papo hapo: wanaopakua ni wahasibu tu, data ni za mwezi mmoja mmoja, na zikizidi kikomo faili ligawanywe na mtumiaji aambiwe. Kile kisa cha alama ya = kimemfanya anipigie simu mwenyewe, tena kwa sauti ya upole nisiyoizoea.

Swali la nne lilikuwa tarehe na saa ziandikwe kwa saa za wapi, kwa kuwa tuna watumiaji nchi kadhaa. Amejibu hivi: "Weka saa ya kawaida." Nifanyeje?

MamaKanzidata

Hifadhi kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, onyesha kwa saa za anayesoma, na kwenye kichwa cha safu andika ni saa za wapi. Usiandike tarehe kwa namna ya 03/04, mmoja atasoma Machi na mwingine Aprili. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Na usijitungie hesabu zako za kujumlisha na kutoa saa, tumia maktaba ya msimbo iliyokwisha kujaribiwa. Nepal wako mbele ya UTC kwa saa 5 na dakika 45. Samoa tarehe 30 Desemba 2011 haikuwepo kabisa, walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi.

Nukta_Mkato

Sasa mtu wa Samoa akiomba ripoti ya siku hiyo?

PopoWaSeva

Hapo ongeza wiki moja.