Nyimbo za wasanii wakimbizi ambazo si za kilio tu: nianzie wapi?

Mwalimu_Kwaya

Wakuu, heshima kwenu.

Naongoza kwaya ya watu 23, na tisa kati yao walikimbia vita makwao, wengine wakiwa wa kubebwa mgongoni. Tumealikwa kuimba tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Tumetakiwa tuimbe nyimbo za wasanii waliokimbia au kufukuzwa nchini mwao, na onyesho liwe la kusherehekea tamaduni mbalimbali.

Nilichagua nyimbo nne, zote za huzuni: mpaka, mama aliyeachwa nyuma, nyumba iliyoungua. Juzi baada ya mazoezi mama mmoja wa sauti ya alto, aliyeishi kambini miaka kumi na mmoja, alibaki kitini anaikunja karatasi yake ya nyimbo, anaikunjua, anaikunja tena. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Mwalimu, kule tulikuwa tunaozesha watoto, tunacheza ngoma mpaka kunakucha. Mbona wewe unatuimbisha matanga tu?"

Yule mama kasema kweli, na tangu siku hiyo maneno yake hayajanitoka. Naomba msaada wenu kwa mambo mawili. Kwanza, wasanii gani waliopitia ukimbizi wameimba furaha, mapenzi, harusi, wakachanganya lugha? Pili, nikiweka lugha tano kwenye onyesho moja, nifanyeje lisigeuke gwaride, kila kabila linapita dakika tatu, linapigiwa makofi, linaondoka?

Kaseti_za_Zamani

Mwalimu, shikamoo kwa kazi hiyo. Anza na Miriam Makeba. Mwaka 1960 alifiwa na mama yake akiwa ughaibuni, akataka kurudi Afrika Kusini kuzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1963 alitoa ushahidi Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, serikali ikamvua uraia na kupiga marufuku santuri zake. Alirudi kwao 1990. Miaka thelathini nje, jamani.

Sasa sikiliza alichoimba humo katikati. Santuri aliyotoa na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte mwaka 1965, iliyowapa tuzo ya muziki ya Grammy mwaka uliofuata, ina nyimbo za Kixhosa, Kizulu, Kisotho na Kiswahili. Ndiyo, "Malaika" imo. Mtu aliyenyimwa kwao akaenda kuimba lugha ambayo si ya mama yake, wimbo wa kijana asiye na mali ya kuolea, na dunia nzima ikaujua. Huo haukosi kwenye orodha yako, na kwaya yako nzima itauweza.

Za Kixhosa zina vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, na hapo ndipo kwaya nyingi huharibu. Kidoko cha c hupigwa ulimi ukiwa nyuma ya meno ya mbele, kama mtu anayesikitika. Cha x hutoka ubavuni mwa ulimi, kama unamhimiza punda. Cha q ulimi hubandikwa juu kaakaani kisha ukabanduliwa kwa nguvu, kizibo cha chupa kinang'oka. Fundisha hivyo vitatu peke yake siku nzima kabla hujagusa tuni. Ukiviruka, wimbo utabaki tuni tu.

Ganda_la_Muwa

Naongeza wawili. Emmanuel Jal wa Sudan Kusini alifanywa askari akiwa mtoto, baadaye akapelekwa Kenya. Mwaka 2005 alitoa albamu ya pamoja na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki mkongwe, Mwislamu kutoka Kordofan, Sudan. Mkristo wa kusini na Mwislamu wa kaskazini, pande mbili zilizopigana miaka ishirini na zaidi, ndani ya albamu moja. Humo utasikia Kiarabu, Kinuer, Kidinka, Kiingereza na Kiswahili.

Wa pili ni Sierra Leone's Refugee All Stars, bendi iliyozaliwa kwenye kambi za wakimbizi nchini Guinea. Wanapiga rege iliyochanganywa na midundo ya kwao. Maneno yao ni ya shida, ila mwili unakataa kukaa chini. Msikilizishe yule mama wa alto.

Mpiga_Besi

Mwalimu, mimi ni mtoto wa kambi, kwa hiyo nitakujibu hilo swali la pili.

Bendi yetu ya harusi ilikuwa na watu watano na lugha nne. Ngoma zilikuwa madebe ya mafuta ya msaada, moja limewambwa mpira wa tairi la ndani, na sauti yake ilibadilika jua likipanda. Asubuhi ilikuwa juu, mchana mpira unalegea inashuka, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kushuka nayo. Hatukuchanganya lugha kwa ajili ya kuonyesha tamaduni. Bwana harusi alikuwa wa lugha hii, jirani aliyeazima sufuria ni wa lugha ile, na aliyeazima sufuria lazima aimbiwe. Asiposikia lugha yake anajua hakualikwa kwa moyo.

Kwa hiyo usipange "sasa kabila hili, sasa lile". Chukua wimbo mmoja wa kuitikizana, kiongozi aanze kwa lugha yake, waitikiaji wajibu kwa nyingine, beti inayofuata mbadilishane. Mwenye lugha ndiye awe mwalimu siku hiyo, wewe ukae na besi ujifunze. Yule mama mpe wimbo wa harusi wa kwao, auchague mwenyewe, asiulizwe maana yake mbele za watu kama hataki.

Msikilizeni pia Kidum wa Burundi. Vita vilimfikisha Nairobi, na amekuwa akiimba Kirundi na Kiswahili, sehemu kubwa ikiwa mapenzi. Mapenzi tu! Nilipokuwa kijana hilo lilinipa nguvu kuliko wimbo wowote wa amani.

Jangwa_na_Gitaa

Nitatofautiana kidogo na mada yenyewe. Bendi ya Tinariwen ni ya Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, kutoka Mali; mwanzilishi wao Ibrahim Ag Alhabib alikulia ukimbizini Algeria baada ya baba yake kuuawa kwenye uasi wa 1963. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa kopo, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Kaseti zao zilisambaa jangwani mkono kwa mkono, na mwaka 2012 wakapata Grammy. Ukiwatambulisha kama "wakimbizi" umewapunguza. Mtambulishe kila msanii kwa jina na ala yake kwanza, historia ifuate.

Na bendi ya Songhoy Blues: walikutana Bamako baada ya wenye silaha kuteka kaskazini mwa Mali mwaka 2012 na kupiga muziki marufuku. Gitaa zao zinakimbia, watu watacheza.

Ombi moja: nyimbo za wasanii walio hai zinunueni, msipakue za wizi.

Mwalimu_Kwaya

Ndugu zangu, nimesoma yote nikiwa na kalamu mkononi. Nyimbo tatu kati ya zile nne nimeziondoa. Moja imebaki, kwa sababu teno mmoja aliniomba, ni ya kijiji chao.

Jana tulijaribu ushauri wa Mpiga_Besi. Mama wa alto alisimama mbele. Alituimbia mstari mmoja, tukauharibu, akaurudia, tukauharibu tena. Mara ya tatu aliacha kuimba, akaanza kupiga hatua: mguu wa kulia mara mbili, wa kushoto mara moja, bega linafuata. Kumbe mdundo tulikuwa tunautafuta mdomoni, naye ameuweka miguuni. Tulipozipata hatua, maneno yakaja yenyewe, na besi waliokuwa wanasinzia wiki zote ndio waliogoma kuketi.

Kaseti_za_Zamani, vidoko bado. C tunaiweza, x nusu nusu, q inatutoa jasho.

Mpiga_Besi, swali la mwisho: ule mpira wa tairi mliufungaje kwenye debe? Vijana wangu wawili wameshapata debe.

Mpiga_Besi

Kata duara lizidi mdomo wa debe kwa upana wa viganja viwili. Toboa pembeni kila baada ya vidole vitatu, pitisha kamba, vuta mkiwa wawili pande zinazotazamana, zungukeni. Msipige kabla ya kesho yake.