Baba anakata pumzi usingizini tangu aanze dawa za maumivu

BintiTanga: Wakuu, habari za usiku. Mzee wangu ana miaka 68, kagongwa na bodaboda, mguu umevunjika. Hospitali wakampa tramadol. Maumivu yamepungua ila usingizi hana, basi duka la dawa wakatuuzia na Valium ameze akienda kulala. Kukoroma anakoroma tangu mie mtoto, tumeshazoea. Jipya ni hili: mkoromo unakatika ghafla, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, kimya, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Asubuhi kichwa kinamuuma na anasinzia na kikombe cha chai mkononi. Mama anasema muache, kapata usingizi.

ChumaMboga: Dawa kali hizo, lazima alale fofofo. Mshukuruni Mungu anapumzika.

MfamasiaZamu: Hapumziki huyo. Tramadol ni ukoo mmoja na mofini: inapumbaza sehemu ya ubongo inayotuamrisha kupumua hewa ukaa ikizidi mwilini. Valium inalegeza misuli ya koo, tena inamchelewesha kuzinduka njia ikiziba. Zikikutana kwa mtu anayekoroma hivyo, ni hatari. Marekani, mwaka 2016, FDA, mamlaka ya dawa ya huko, waliagiza onyo lao kali kuliko yote kuhusu kuchanganya makundi haya mawili ya dawa. Na kwa wazee Valium inakaa mwilini siku kadhaa, ya leo inaikuta ya jana.

Dada, usiku huu Valium usimpe. Tramadol usijiamulie mwenyewe, mpigie daktari sasa hivi kabla ya dozi ya kulalia. Mwinue kichwa na kifua, au alale ubavu kama mguu unaruhusu. Ukimtikisa haamki, au midomo na kucha zinageuka bluu, msingoje kukuche, mkimbizeni hospitali. Wana naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi, ingawa hiyo inashughulika na tramadol tu, Valium haiigusi.

BintiTanga: Daktari kapokea. Valium kaikataza, tramadol ya usiku kaipunguza, na kesho anataka kumwona. Swali: mzee ana mafua, huwa anameza Piriton. Hiyo haina neno?

MfamasiaZamu: Ina neno. Nayo inasinzisha, ndiyo maana watu wanaitafutia usingizi. Mwambieni daktari kesho, kwa sasa isiongezwe. Na kikombe cha mnazi jioni, kama kipo, kisimame.

BintiTanga: Kipo. Wanamletea hao hao wanaokuja kumjulia hali.